"Deadline": mstari wa kufa

Juma lililopita nilikuwa katika mutaa mmoja wa Goma ambako jamaa nyingi zilizokimbia vita zinaishi kwa wenyeji. Mama mmoja akanisimamisha. Alikuwa amekosa kuandikishwa kwenye orodha ya msaada.

"Papa, deadline ni nini? Walituambia deadline ni Ijumaa. Mimi nikafikiri Ijumaa ndiyo wataanza kuandika watu."

Nikamweleza kwamba ni siku ya mwisho, ile tunayoita délai kwa Kifaransa. Mjukuu wake, anayesoma Kiingereza sekondari, akadakia: "Dead ni kitu kilichokufa, line ni mstari. Basi ni mstari wa kufa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kijana alisema kweli. Mwaka 1864, Wamarekani walipokuwa wanapigana wao kwa wao, kulikuwa na kambi ya mateka wa vita huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta wake walizungusha mbao nyembamba juu ya vigingi. Mateka aliyevuka hapo alipigwa risasi na walinzi. Mstari huo ndio walioupa jina hilo. Mateka karibu 13,000 walifia humo, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Baadaye wenye magazeti wa Marekani wakalitumia neno hilo kwa saa ya mwisho ya kuleta habari. Leo sisi wanahabari tunalitaja kila siku, na hakuna anayekufa.

Lakini kwetu huku maana hizo mbili hazijaachana sana. Mwezi wa pili 2025, watu wa kambi za kandokando ya Goma waliambiwa waondoke ndani ya saa 72. Walibeba magodoro, masufuria na bidoni, wengine wakirudi katika vijiji vilevile walivyovikimbia.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba: semeni "siku ya mwisho", mtaje na saa na mahali. Na wewe uliyekimbia vita, usione haya kuuliza: mwisho ni lini, na aliyechelewa afanye nini?

Yule mama hakuuliza mapema. Mwezi huu atakula kwenye sahani ya wenyeji wake, na wao pia hawana kitu.