Tone la Iodini Mezani Kwetu

Mume wangu aliacha sukari kwenye chai siku ile ile daktari alipomwambia ana kisukari. Kwa hilo nampongeza. Lakini mlima wake wa ugali haukupungua hata tonge moja. Nikisema, hunijibu, "Mama Neema, ugali una sukari gani?" Na hapa Kensington, Johannesburg, unga mweupe wa mahindi ni rahisi kupata, wenyeji nao wanausonga na kuuita pap.

Aliyemjibu ni binti yetu wa darasa la nane. Shuleni walikuwa wamejifunza kupima virutubisho kwenye vyakula, na Jumapili moja akaomba kichupa cha iodini tunachopakia vidonda. Akapanga mezani mkate, kiazi, ugali na yai la kuchemsha, akadondosha tone kwa kila kimoja. Yai lilibaki na rangi ya kahawia ya iodini. Mkate, kiazi na ugali viligeuka buluu iliyokaribia weusi.

"Huo ni wanga, Baba."

"Wanga si sukari," akasema baba yake.

Hapo nikakumbuka maabara ya kidato cha nne kule Morogoro. Nikachemsha uji mwepesi kama maji, ukapoa ukawa vuguvugu, nikaugawa vikombe viwili. Nikamwambia Baba Neema ateme mate kwenye kimoja. Alicheka, akatema. Baada ya nusu saa binti akatia iodini. Kikombe kisicho na mate kikawa cheusi. Chenye mate hakikugeuka. Wanga ulikwenda wapi? Mate yalikuwa yameuvunja kuwa sukari. Kazi hiyo huanzia mdomoni, humalizikia kwenye utumbo mwembamba, na sukari huingia kwenye damu.

Maabara tungethibitisha kwa kimiminika cha Benedict. Ni cha buluu, na kikichemshwa na sukari kama glukosi hugeuka kijani, njano, hata rangi ya tofali. Kilitengenezwa na Mmarekani Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi kilitumika kupima mkojo wa wenye kisukari. Nilipomweleza hilo, mume wangu alinyamaza.

Vipimo hivi vya nyumbani huonyesha kilichomo kwenye chakula. Havikwambii ule kiasi gani. Hilo tulimuuliza mtaalamu wa lishe kliniki. Ugali hatukuufukuza. Sahani yake sasa nusu ni mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali. Jioni baba na binti hutembea hadi Rhodes Park.

Kama nawe una mzee anayeapa hali sukari huku sahani imejaa ugali au wali, jaribuni pamoja. Iodini ya duka la dawa inatosha. Ila chakula kilichotiwa iodini kitupeni, kisiliwe.