Mashine Iliyokosea kwa Ufasaha

Zamani kidogo, mtu aliyetaka kompyuta isikilize Kiswahili na kukiandika ilimbidi kwanza awe fundi. Tulikuwa watu wachache katika chumba kimoja cha chuo, Dar es Salaam, tukitafiti kama kiziwi anaweza kukaa kwenye semina ya Kiswahili akasoma kwenye skrini kinachosemwa, muda uleule kinaposemwa. Programu yetu ilikuwa Kaldi, iliyotolewa mwaka 2011 bila malipo. Ulipakua msimbo wake, ukaujenga kipande kwa kipande kwenye Linux, na ikitokea kijiprogramu kimoja kati ya vinavyotegemewa ni cha toleo la zamani, kazi ya asubuhi nzima iliishia kwenye ujumbe wa hitilafu. Umeme nao ukikatika, basi, mnakwenda kunywa chai.

Sauti za kuifundishia tulizipata kwenye hazina ya mradi wa ALFFA: taarifa za habari za redio pamoja na maandishi yake. Ukizungumza kama msomaji wa taarifa ya saa mbili usiku, mashine ilikufuata vizuri tu. Mwezeshaji akisimama na “haya jamani, hivi vikoba vyenu mnaviendeshaje,” ilipotea. Tena iliandika maneno yaliyomo kwenye orodha yake tu, na vitenzi vyetu havina orodha: wamelipa, hawajalipa, watakaowalipa, asingelilipwa. Umbo lisilokuwemo lilibadilishwa kwa lililo karibu nalo kwa sauti. Watafiti waliotutangulia walikuwa wamejaribu kuyavunja maneno vipande ili mashine iyaunge yenyewe. Tukafanya hivyo, na kwenye skrini yakaanza kutoka maneno yenye kichwa cha huyu na mkia wa yule.

Dada mmoja kiziwi, mtafiti mwenzetu, alizisoma fujo zile bila kulalamika sana. Mstari usioeleweka alijua umekosewa, akamgeukia mkalimani wa lugha ya alama.

Mambo yakabadilika haraka. Agosti 2017 Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti wa simu. Februari 2019 ikaja programu yao ya simu, Live Transcribe, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington. Kwa mtumiaji ilikuwa neema. Sisi watafiti tulitaka kujua kila neno lilitokea sekunde ya ngapi na lilibadilishwa mara ngapi, na hayo simu haikutuonyesha. Kwa hiyo ilipotolewa Whisper ya OpenAI, Septemba 2022, tuliirukia. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, ingawa Kiswahili kilikuwa tone tu humo. Amri chache, na kabla chai haijapoa programu inaandika.

Haikutengenezwa kwa ajili ya maandishi mubashara. Hupokea sauti katika vipande vya sekunde 30, na hakuna msomaji atakayesubiri nusu dakika huku wenzake wameshacheka wakanyamaza. Tukaikatia vipande vifupi. Ukifupisha, maandishi yanawahi lakini yanakosea, kisha yanajirekebisha mbele ya macho ya msomaji, naye inabidi arudi nyuma mstari uleule. Ukirefusha, yanatulia lakini yanachelewa. Tulihangaika sana na hilo, na mpaka leo sioni kipimo kimoja kinachomfaa kila mtu.

Kilichonishtua kilitokea siku ya mvua. Ukumbi wa semina ni wa mabati, na masika yalikuwa yameanza. Mvua ilipopiga, mwezeshaji alinyamaza kuisubiri. Skrini haikunyamaza. Iliandika kwamba kikao kimefika mwisho, ikawashukuru wote kwa kufuatilia, Kiswahili safi chenye nukta na mkato. Dada yule akafunga daftari lake, akaanza kupanga vitu kwenye mkoba. Alipoona wengine wamekaa tu, alinitumia ujumbe kwenye simu: “Kaka, ile ya zamani ikikosea nilikuwa najua. Hii nitajuaje?”

Sikuwa na jibu. Anayesikia hulinganisha sikio na skrini. Yeye ana skrini peke yake. Na kipimo tulichokitumia, asilimia ya maneno yaliyokosewa, hakikuona tofauti hiyo. “Mtalipwa” ikiandikwa “hamtalipwa” ni kosa moja, sawasawa na jina la kijiji lililokosewa herufi. Kwenye jedwali, programu mpya iliishinda ile ya zamani kwa mbali.

Tukaongeza kichujio kinachotambua kama kuna mtu anayezungumza. Mvua ikipiga, maandishi yanasimama. Maneno ambayo programu yenyewe inayatilia shaka tukayapa rangi ya kijivu. Kisha tukaweka skrini ya pili ikimtazama msemaji, ili aone anavyoandikwa na arudie palipoharibika. Kwa maoni yangu hiyo ya tatu imesaidia kuliko zote, na ndiyo iliyohitaji utaalamu kidogo kabisa: waya mrefu na meza. Wawezeshaji wengine waliichukia, wakisema inawakata maneno.

Kijivu nacho hakijakubalika. Wasomaji wetu wengi lugha yao ya kwanza ni ya alama, Kiswahili cha kuandikwa ni cha pili, na rangi mbili ndani ya sentensi moja zinawachosha. Dada anataka kijivu kiondolewe, mstari wenye shaka uwekewe alama moja tu pembeni. Mimi nasema alama ya pembeni haimwonyeshi msomaji ni neno lipi la kutiliwa shaka. Semina ijayo tutaiendesha nusu kwa njia yake na nusu kwa yangu, na safari hii maswali ya kuwauliza wasomaji anayaandika yeye.