Bo Jackson bado anakimbia

Kansas City, Missouri. Katika nyumba moja ya Wakongomani wa mji huu, tangu baridi ianze, televisheni ya sebuleni inaonyesha kila Jumapili mchezo uliotoka mwaka 1991. Kijana wa nyumba, mwenye miaka 15, alinunua mashine ya zamani ya Nintendo katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika, pamoja na kaseti moja tu: Tecmo Super Bowl. Alifikiri atacheza na marafiki wa shule. Lakini anayeshika manete ya pili ni baba yake.

Baba huyo ni mtu wa Uvira. Mwaka 1996 vita vilipofika alivuka Ziwa Tanganyika, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. Kambini alijulikana kwa mbio zake: alikuwa winga wa kulia, na mabeki walimchukia. Leo anabeba mizigo usiku katika ghala, na goti lake la kushoto halipandi ngazi bila kushika ukuta.

Kwa wale ambao hawajaona futiboli ya Kimarekani: mpira ni mrefu kama yai, unabebwa mkononi, na timu inapewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi, yaani kama mita tisa. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Waliotengeneza Tecmo Super Bowl, kampuni ya Kijapani, waliurahisisha. Kila timu ina mipango minane tu ya kushambulia, minne ya kukimbia na minne ya kurusha. Mlinzi naye anachagua mmoja kati ya ile minane. Akibahatisha sawasawa, ukuta wote unakuangukia. Ndiyo maana hata mtu asiyejua sheria anaweza kumshinda anayezijua, mradi amsome usoni.

Baba alivutwa kwanza na jina. Siku moja alisimama nyuma ya kiti, akaona timu ya Kansas City kwenye skrini, akasoma: Okoye.

“Huyu si Mnaijeria?”

“Ndiyo, Papa. Alicheza hapahapa.”

Christian Okoye alizaliwa Enugu, akaja Marekani kusoma na kurusha kisahani. Futiboli hii aliianza akiwa mtu mzima. Mwaka 1989 alikimbia yadi 1,480, akawa wa kwanza katika ligi nzima. Ndani ya kaseti, walinzi wanaomrukia wanaanguka wao. Baba alicheka, akaketi, akaomba manete. Tangu siku hiyo yeye ni Okoye.

Kijana alitafuta dawa ya Okoye, akaipata kwa Bo Jackson wa Raiders, timu iliyokuwa Los Angeles wakati ule. Wote waliocheza mchezo huu wanalijua jina hilo. Jackson ana mbio kiasi kwamba anaweza kurudi nyuma, kuzunguka kiwanja na kuwaacha wote, huku saa ikienda. Baba alifungwa Jumapili tatu mfululizo.

“Huyu mutu hachoki?” aliuliza.

Kijana akamweleza alichosoma. Tarehe 13 Januari 1991, katika mechi na Cincinnati, Jackson alishikwa mguu akikimbia, nyonga ikaumia vibaya. Alikuwa na miaka 28, na futiboli kwake iliishia hapo. Kaseti ilitoka Desemba ya mwaka huohuo, lakini ilibeba wachezaji na nguvu zao za msimu wa 1990. Kwa hiyo ilipofika madukani, Jackson wa skrini alikuwa anakimbia na Jackson mwenyewe hawezi tena.

Baba alinyamaza. Kisha akasema: “Wamemwacha kwenye siku yake nzuri.”

Katika msimu wa kaseti wachezaji pia wanaumia. Wanatolewa, wanakosa michezo kadhaa, halafu wanarudi kama hakuna kilichotokea. Jambo hilo ndilo lilimchekesha baba kuliko yote. “Humu wanapona bila muganga!”

Mke wake, aliyekuwa jikoni, hakucheka. Barua ya hospitali kuhusu goti ilikuwa imekaa ndani ya Biblia ya familia kwa miezi mitano. Muganga alipendekeza upasuaji. Baba aliogopa kisu, na aliogopa zaidi wiki bila mshahara, maana kodi ya nyumba haingoji goti la mtu. Kila alipoulizwa alijibu kwamba goti litazoea.

“Na baadaye?” baba aliuliza. “Huyu Jackson alikaa tu?”

Hapana. Mwaka 1992 aliwekewa nyonga ya bandia. Jackson alikuwa pia mchezaji wa besiboli, na kabla ya kuumia alikuwa ameicheza miaka kadhaa mjini humuhumu Kansas City. Aprili 1993 alirudi katika mchezo huo akiwa na timu ya Chicago, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga mpira ukatoka nje ya kiwanja. Mbio za zamani hazikurudi, na mwaka 1994 aliacha michezo. Lakini aliacha akiwa amesimama kwa miguu yake.

Baba aliweka manete chini. Alimwomba mke wake Biblia, akatoa barua, akampa kijana.

“Soma polepole. Usiruke kitu.”

Tarehe iliyoandikwa ilikuwa imepita zamani. Jumatatu, kijana alipiga simu kabla ya kwenda shule, baba akiwa amesimama karibu yake, akaomba nyingine. Wakapewa ya wiki sita mbele. Mama ameanza kuongea na watu wa kanisa juu ya kodi.

Jumapili iliyofuata walicheza tena. Okoye aliangusha watu wanne. Jackson akampita kando ya mstari, kama kawaida.