Springi na Mzigo Wake

Msomaji, aghalabu watu husifu kitu kigumu kuliko kitu laini. Jembe gumu hutafutwa, mlango mgumu huaminiwa, na mwenye moyo mgumu vitani huitwa shujaa. Desturi hii ni njema mahali pake. Lakini pana mahali ambapo ugumu ni hasara. Mahali pamoja pa namna hiyo ni chini ya gari jepesi lililoundwa lipite pasipo na barabara.

Magari ya namna hiyo si mageni katika Kenya. Tangu mwaka 1989 yameshindana katika Rhino Charge, mashindano yaliyoanzishwa kuchangia fedha za ua wa kuhifadhi msitu na wanyama wa Aberdare. Huko mshindi si mwenye mbio kuliko wote, bali ni yule aliyefika vituo vyote katika muda wa saa kumi kwa masafa mafupi kuliko wenziwe. Kwa hiyo madereva huacha njia wakakata makorongo na mawe, na vijana wanaowatazama hurudi nyumbani na tamaa ya kujiundia magari yao.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Aliunga fremu ya mabomba, akatia injini ndogo, akaondoa kila kilichokuwa mzigo wa bure, hata gari zima pamoja na dereva likawa na uzito wa kilo 800. Kisha akaenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa akiba yake ya miezi mitatu, akarudi na springi nne zilizotoka katika gari zito la mizigo.

"Mjomba," aliniambia kwa furaha, "hizi hazitavunjika milele."

"Hazitavunjika," nilimjibu, "lakini je, zitabonyea?"

Hakupendezwa na swali hilo. Lakini mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameniomba nisimwache mwanawe ashuke bondeni na chombo nisichokiamini. Basi sikuweza kunyamaza.

Mwaka 1678 Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza kuwa springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwikwa. Uzito ukiwa mara mbili, kubonyea nako huwa mara mbili, maadamu springi haijapita mpaka wa uwezo wake. Kwa sheria hiyo springi hupimika kama unga au sukari, na anayeinunua kwa macho hununua kwa kubahatisha.

Tuliazima mizani ya kupimia magunia ya mahindi. Gurudumu moja tuliliweka juu ya mizani, na mengine matatu juu ya mbao zenye kimo kilekile ili gari lisiinamie upande, dereva akiwa kitini. Kila gurudumu lilionyesha karibu kilo 200. Tukatoa kilo 50, kwa kuwa gurudumu na nusu ya ekseli hukaa chini ya springi wala hazibebwi nayo. Mzigo wa kila springi ukawa kilo 150.

Kisha tulisimamisha springi moja sakafuni, tukaweka ubao juu yake, na juu ya ubao mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kila mmoja, huku tukiishikilia isiponyoke. Springi ilibonyea sentimita mbili na nusu tu. Maana yake kila sentimita ilidai kilo 40. Na chini ya gari lile, lenye kilo 150 kwa kila springi, ingebonyea chini ya sentimita nne.

Sasa fikiri nami, msomaji. Gurudumu halina budi kupanda juu ya jiwe. Lakini pia halina budi kushuka katika shimo, na nafasi ya kushuka hutokana na vile springi ilivyobonyea gari liliposimama. Springi iliyobonyea sentimita nne huliruhusu gurudumu lishuke kiasi hicho tu. Shimo likizidi, gurudumu huning'inia hewani. Na katika gari lenye difu ya kawaida, gurudumu lililo hewani huzunguka bure, na mwenzake aliye ardhini hukosa nguvu ya kuvuta. Gari husimama ukingoni mwa korongo, injini ikinguruma kwa ghadhabu isiyo na faida.

Usidhani kwamba nasifu ulegevu. Springi laini kupita kiasi hugonga mwisho wake kila jiwe, na penye mteremko wa ubavu huliachia gari liiname hata likapinduka. Shokomzoba hazitengenezi kosa hilo. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko, na mzigo ni wa springi. Kwa gari letu tulitafuta springi ya kubonyea sentimita 12 chini ya kilo 150. Gari la kadiri hiyo hupanda na kushuka mara moja na nusu hivi kwa sekunde, na mwili wa mtu hustahimili mwendo huo. Zile ngumu zingeturusha mara mbili na nusu.

Jirani mmoja alishauri tukate mizunguko ya springi ili zilainike. Ushauri huu husikika mara nyingi, nao ni kinyume cha kweli. Ukikata springi katikati, kila nusu huwa ngumu mara mbili. Gari hushuka kimo, na mwenyewe akadhani amepata ulaini. Kinacholainisha ni waya mwembamba zaidi: unene ukizidishwa mara mbili, na mengine yakibaki sawa, ugumu huzidi mara 16.

Mpwa wangu alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu aliziuza springi zake kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia, akachukua mizani yangu ya mkono na futi ya chuma, akaenda zake Nairobi. Alirejea na springi nyembamba za gari dogo. Mifuko mitatu ya saruji ilizibonyeza sentimita 12. Tulipolipitisha gari katika mtaro wa shamba, magurudumu yote manne yaligusa ardhi, na dada yangu, aliyekuwa amesimama mbali mikono kichwani, aliishusha.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami naongeza kwamba springi ya gari la mwenzio ni ya mzigo wa mwenzio. Kila chombo kina uzito wake. Ujue kwanza, ndipo uende sokoni.