Nilidanganya kuhusu samaki kwenye vidio yangu

Wasee, hii stori imenikaa kifuani.

Mwaka jana mkahawa mmoja hapa Nairobi ulinilipa nitengeneze vidio ya sushi. Nikainua kile kipande cha rangi ya chungwa mbele ya kamera nikasema, "Huyu ni samoni wa porini, ametoka mto wa Norway." Hakuna mtu aliniambia niseme hivyo. Nilijitungia tu, ikasikika poa. Mkaipenda, doo ikaingia.

Halafu mmoja wenu akaandika kwa komenti: samoni wa Atlantiki wanaouzwa duniani karibu wote ni wa kufugwa. Nikaenda kusoma nipate cha kumjibu. Sikupata.

Hao wa kufugwa hulelewa kwa vizimba baharini, kama vile vya tilapia kule Ziwa Victoria, lakini vikubwa zaidi. Samaki wakijazana hivyo, chawa wa baharini wanazaana vibaya. Sasa watoto wa samoni wa porini wakitoka mtoni kuingia baharini wanapita hapo karibu, na chawa wanawang'ang'ania. Samaki mdogo hivyo, chawa wachache tu wanammaliza.

Na wa kufugwa wakitoroka ni balaa ingine. Mwaka 2023 huko Iceland walitoroka karibu 3,500 kutoka kizimba kimoja, wakaanza kupanda mito. Ikabidi wapiga mbizi waletwe kutoka Norway kuwadunga mmoja mmoja. Mbona presha yote hiyo? Kwa sababu wamechaguliwa wanenepe haraka, na wakizaana na wa porini, watoto hawawezi maisha ya huko nje vizuri.

Ongeza bahari kupata joto, ongeza mabwawa yanayofunga mito. IUCN ilisema idadi ya samoni wa Atlantiki ilishuka asilimia 23 kati ya 2006 na 2020. Juni 2024 Norway, hao hao niliokuwa nawataja kwa madoido, walifunga mito 33, hakuna kuvua samoni.

Yule wa porini anaweza kufika hadi karibu na Greenland, halafu arudi mto ule ule alikozaliwa, anaufuata kwa harufu. Hizo sifa nikampa samaki aliyekulia kizimbani.

Vidio nimeitoa. Wenye mkahawa wamekasirika, wanataka nusu ya pesa yao. Nitawalipa polepole, na aliyeandika ile komenti, sushi ya kwanza nikipata kazi ni yako. Ya kufugwa lakini.