Safari ya Rabai, Mahali Walipopokewa Wageni



Mwezi uliopita sisi walimu watatu tulikwenda Rabai, ili tupaone mahali ambapo jirani zetu wengi husema ndipo walipotoka babu zao. Tuliondoka Kisauni alfajiri, tukapita Kengeleni. Hapo ipo kengele ya zamani ya Freretown, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na chama cha misheni cha CMS, ili kuwaweka watumwa waliookolewa katika majahazi. Wazee husimulia kwamba kengele hiyo ililizwa watu wapate habari ya hatari. Kisha tukavuka daraja la Nyali, tukapita Mombasa na Changamwe hata Mazeras. Hapo tukashuka garini, tukashika njia ya Rabai kwa miguu, minazi na mikorosho ikiwa huku na huku, na kila tuliyekutana naye akatusalimu.

Watu wengi wakiitaja Rabai huwataja wamisionari tu, Krapf na Rebmann. Lakini sisi tulipofika pale tulifikiri zaidi habari za wenyeji. Mwezi wa Agosti 1846 Wazungu wale wawili walipanda kilima kile wakiwa na homa, hawana nguvu, hawana jeshi wala ukoo katika nchi. Wazee wa Rabai walikuwa na kaya zao na desturi zao, na neno la Injili walikuwa hawajalikubali. Hata hivyo waliwapa wageni mahali pa kukaa. Basi tuone jambo hili na kulishika: katika kilima kile, waliotangulia kutenda upendo ni watu ambao hawajabatizwa. Tusijivune kana kwamba ukarimu ulikuja nchini kwetu pamoja na vitabu vyetu.

Rebmann alikaa Rabai karibu miaka 29. Macho yale yaliyoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 yakaingia giza, akawa kipofu kabisa. Ndipo mtu wa Rabai, jina lake Isaka Nyondo, akawa macho yake, akamwongoza, na mwaka 1875 akasafiri naye hata Ujerumani. Mwalimu akawa wa kushikwa mkono, na mwanafunzi akawa kiongozi. Upendo wa Kikristo una pande mbili, ndugu zetu: aliyezoea kutoa hana budi kujifunza kupokea, ama sivyo kutoa kwake kutakuwa ubwana tu.

Baadaye wakaja wageni wa namna nyingine. Watumwa wa mashamba ya pwani walitoroka usiku, wakapanda Rabai kutafuta kimbilio. Walitoka makabila mengi, na lugha zao zilikuwa mbalimbali. Mmoja wa walimu wa mahali pale alikuwa William Jones, ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, akasomeshwa Nasik katika nchi ya India, akarudi Afrika kufundisha. Kuwapokea watoro hakukuwa jambo jepesi. Mabwana zao waliwadai kwa hasira, na hatari ya kushambuliwa ilikuwako kweli. Hata mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ikapatana na mabwana hao kuwapa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru, walio wengi wakiwa wa Rabai.

Lakini karatasi haimfanyi mtu kuwa jirani. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine husema neno hili kwa kumfukuza mgeni. Rabai tulilifahamu vingine: kumpa mtu jembe ni kumpa na mahali pa kulima, maana yake umekubali akae. Tulipotembea penye makaburi karibu na kanisa, hatukuweza kutambua yupi ni mzao wa wenyeji na yupi ni mzao wa watoro. Wamelala pamoja.

Habari hizi zatugusa sisi wa leo. Pwani yetu tunalo neno, “watu wa kuja.” Latamkwa upesi, tena mara nyingi kwa mzaha. Lakini tusisahau mwezi wa Agosti 1997 huko Likoni, walipovamiwa watu wa bara walioitwa hivyo. Wengine waliuawa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa kanisa Katoliki. Neno la mzaha barazani lilikuwa limetayarisha njia ya panga.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wenye nyumba. Mpangaji mpya akihamia uani kwenu, msingoje awaombe maji. Mpelekeeni siku ile ile, mkamwulize jina lake na la watoto wake. Akifiwa, naye ukoo wake uko mbali, kaeni matanga naye kama mnavyokaa kwa ndugu wa damu, maana siku ile ndiyo mgeni ajuapo kama ana watu au hana. Jumapili msimwachie benchi la nyuma peke yake.

Na ninyi walimu wenzetu, mtoto akichekwa darasani kwa Kiswahili chake cha bara, msipite kama hamkusikia. Dakika ile mna kazi kubwa kuliko hesabu iliyo ubaoni. Mketisheni karibu na mtoto mwenye moyo mwema, na wale wanaocheka wafundisheni kuuliza maneno machache ya lugha ya kwao mgeni.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kumsimulia Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa na wasikilizaji. Tangu siku ile hatuna ruhusa ya kuchagua jirani kwa kabila lake. Sisi wengi ni wazao wa watu waliofunguliwa mlango usiku. Mungu atujalie kufungua wetu.

Wasalamu.