Baridi Inasingiziwa, Muuaji ni Maji

Najua kuna watakaocheka. Mtu anaishi Ifakara, mji ambao koti la baridi huliwa na mende kabatini kabla halijavaliwa, halafu anaandika kuhusu mimea inayohimili barafu! Ni kama mtu wa Makete aanze kuwafundisha watu kilimo cha minazi. Cheka tu ndugu yangu, lakini soma mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linatuhusu sisi wa bondeni kuliko unavyodhani.

Kwanza tuelewane ninazungumzia nini. Ni ile mimea yenye majani au shina nene, inayojaza maji ndani yake kama ngamia. Wauza maua wa Dar wanaiita sakulenti. Sisi tuna majina ya mmoja mmoja: shubiri (siku hizi kila mtu anasema alovera), mkonge, mnyaa, dungusi kakati. Jina la ukoo mzima sijalisikia mtaani. Siku hizi vijana wengi tunaoishi chumba na sebule tunaipenda, kwa sababu haina makuu. Ukienda kikazi wiki mbili unaikuta inakusubiri. Kwa mwandishi wa habari ambaye leo yupo Malinyi na kesho Mahenge, hakuna mmea mwingine wa kufuga.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba ukoo huu una ndugu wanaoishi kwenye theluji. Ulaya kuna mmea mdogo, majani yamejipanga kama waridi, jina lake la kitaalamu ni Sempervivum, Kilatini kwa maana ya "hai daima". Asili yake ni milima kama Alps. Unafunikwa na theluji miezi mitatu minne, ikiyeyuka unaukuta upo pale pale. Wazee wa huko waliupanda juu ya mapaa wakiamini unazuia radi. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, waraka wa kifalme wa enzi ya Charlemagne uliagiza kabisa kwamba mtunza bustani awe nao juu ya nyumba yake. Na huko Kanada, mpaka kaskazini mwa Alberta, kuna dungusi kakati mdogo aitwaye Opuntia fragilis anayestahimili baridi ambayo ingetuua mimi na wewe kabla ya saa ya chakula.

Wanawezaje? Hapa ndipo penye utamu. Siku zikianza kuwa fupi, mimea hii inapunguza maji mwilini. Dungusi kakati wa huko hunywea, hujikunja na kulala chini kama puto lililotoka upepo. Maji yanayobaki kwenye chembe zake yanachanganyika na sukari na kuwa mazito, na maji mazito hayagandi upesi. Yaani mmea ambao kazi yake ni kutunza maji, ili uvuke kipupwe inabidi uyaachie. Ndiyo maana wakulima wa maua wa huko watakwambia kitu cha ajabu: mmea wa aina hii ukifa wakati wa baridi, mara nyingi muuaji ni udongo uliolowa. Baridi kavu wanaivumilia. Baridi pamoja na tope ndiyo inayoozesha mizizi.

Sasa nieleze kwa nini nimeanza kuyafuatilia haya.

Nina rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani, mwenyeji wa hapa hapa Ifakara, ambaye yupo Basel, Uswisi, kwa masomo ya malaria. Anayeijua Ifakara hatashangaa. Uhusiano wa mji huu na Basel ni wa tangu mwaka 1949, Profesa Rudolf Geigy alipofika bondeni, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Basi jamaa kafika kule, kipupwe cha kwanza, kaona dukani kichungu cha alovera. Akakinunua. Aliniambia hakukitaka kwa uzuri. Mama yake alimwachisha ziwa kwa shubiri iliyopandwa nyuma ya nyumba, ule uchungu wa kupakwa, na shubiri hiyo bado ipo. Alitaka tu chumbani kuwe na kitu kinachojua kwao.

Akakiweka barazani nje ili "kipate hewa", na kila jioni anakimwagilia. Desemba usiku mmoja barafu ikaanguka. Asubuhi majani yamekuwa kama yamechemshwa, yanapitisha mwanga, yanateleza. Akanitumia picha na maneno machache: "Na hiki nacho kimenishinda." Nilijua hazungumzii alovera peke yake. Masomo yalikuwa yanamwelemea, miezi miwili hajampigia mama yake kwa kuogopa kuulizwa habari za huko.

Alovera si mtoto wa baridi. Asili yake ni Arabuni, na joto likishuka hadi sifuri inaungua. Kwa hiyo barafu iliharibu majani, hilo halina ubishi. Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi na kile kichungu kilicholowa, maana mizizi inayoelea ndani ya maji haina nguvu ya kuotesha jani lingine.

Nikaenda kwa mama yake. Nikamwamkia, nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie akate yaliyooza, aache kumwagia maji, auingize ndani karibu na dirisha. Asiuguseguse. Na mwambie mimi sijambo, apige simu." Ndivyo alivyosema, kwa mpangilio huo huo.

Halafu akanipeleka uani kuniona ile shubiri yenyewe. Hapa nikajifunza kitu ambacho sikukipata kwenye kitabu chochote. Kumbukeni masika ya 2024, mvua za El Niño. Kilombero ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofurika, na Aprili mwaka ule Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchi nzima wamepoteza maisha. Uani kwa mama huyu maji yalisimama siku kadhaa. Alikuwa na mashina mengi ya shubiri. Yaliyokuwa chini kwenye udongo wa kawaida yote yalioza, ukivuta jani linabaki mkononi. Likapona kundi moja tu, lililoota juu ya kifusi cha matofali ya kuchoma, pale lilipobomoka bafu la zamani. Maji yalipungua, kifusi kikakauka siku hiyo hiyo, shubiri ikaendelea na maisha.

Mnaona? Basel na Ifakara, kuna barafu kule na jasho huku, lakini kanuni ni moja. Mmea unaotunza maji unataka maji yapite, yasikae.

Na hapa kwetu hilo ni gumu kuliko kwingi. Bonde la Kilombero ni ardhi oevu ya karibu kilomita za mraba 8,000, lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Udongo wa mbugani ni mfinyanzi unaoshika maji, na ndiyo sababu mpunga wetu unasifika hadi Kariakoo. Udongo unaofurahisha mpunga unaua shubiri. Angalieni hata historia ya mkonge, ambao nao ni wa ukoo huu. Dk. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, ikapona miche 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote ya Tanganyika. Mkoani kwetu Morogoro utaukuta upande wa Kilosa na Kimamba, kwenye ukame. Huku bondeni kwenye maji ni miwa na mpunga. Waliopanda walijua wanachofanya.

Je, sisi tunao wa kwetu wanaohimili baridi? Tunao, tena wa kujivunia. Kwenye misitu ya milima ya Tanzania na Kenya kuna kammea kaitwako Sedum meyeri-johannis, kanaota juu ya magome ya miti na miamba, kamepewa jina la Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Angalia kanapoota: juu ya gome, juu ya jiwe. Mvua ya mlimani ni nyingi lakini haisimami hapo hata dakika. Na juu zaidi Kilimanjaro kuna yale maseneshio makubwa kama mtu aliyejifunika blanketi. Hayamo kwenye ukoo wa sakulenti kwa ukali wa neno, ila yanatunza maji ndani ya shina, na majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yakilifunika shina lisigande usiku.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Makete, Njombe na Mbeya, ambako sakitu ya Juni na Julai huunguza viazi, hawa wa baridi ni wa kwenu, mnaweza kujaribu. Hapa Ifakara, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, "hai daima" wa Ulaya hataishi. Atapikwa. Mimea mingi ya ukoo huu hufungua vitundu vya majani usiku ili kuvuta hewa bila kupoteza maji, na usiku wetu wa joto na unyevu haumpi nafasi ya kupumzika aliyezoea ubaridi wa mlimani. Usidanganywe na picha nzuri ukatupa hela. Sisi tupande shubiri, mnyaa (mbali na watoto, utomvu wake ni hatari kwa macho), na yule wa majani marefu kama upanga ambaye Waingereza humwita ulimi wa mama mkwe. Sababu ya jina waulizeni wenyewe.

Haya, namna ya kupanda. Hii ni kwa wa bondeni, lakini hata wa milimani itawafaa:

1. Chombo chochote chenye matundu chini. Kopo la rangi, ndoo iliyopasuka, sufuria iliyotoboka. Tundu moja halitoshi, toboa matano.

2. Udongo usitoe bustanini peke yake. Mimi nachanganya mchanga mnene wa mtoni, vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa, na pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi (kwenye mashine za kukoboa zimejaa vilima, omba tu). Udongo wa kawaida uwe robo. Ukimwagia maji, kabla hujahesabu kumi yawe yameanza kutoka chini.

3. Masika, weka chini ya upenu. Mwanga upate, mvua usiipate. Miezi hiyo usimwagilie kabisa kama hewa ina unyevu. Kiangazi, mara moja kwa wiki mbili inatosha. Chomeka kidole, kikitoka na udongo umeganda, acha.

4. Ukikata chipukizi usilipande siku hiyo hiyo. Liache kivulini siku nne tano kidonda kikauke, ndipo ulipande.

5. Na hili ni la lazima: usiweke kisahani chini ya chungu. Tunaishi mji ambao watu wamesoma mbu kwa zaidi ya miaka sitini. Kisahani chenye maji ni wodi ya wazazi kwa mbu, na wale wanaoeneza homa ya dengue, kama iliyoitikisa Dar mwaka 2014 na 2019, wanapenda sana vijichombo vya namna hiyo. Mmea hautaki hayo maji. Anayeyataka ni mbu.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya watu walioshiba. Bei ya mchele inapanda, barabara zinakatika kila masika, wewe unazungumzia maua? Nawaelewa. Lakini shubiri ile ya uani haikuwahi kuwa ua. Imepakwa kwenye majeraha ya moto ya mtaa mzima na imewaachisha ziwa watoto wasiopungua sita. Na iliponusurika kwenye mafuriko, mama mwenyewe alichimba machipukizi akagawa kwa majirani wote walioozewa na yao, kila mmoja akimwambia apande juu ya matofali.

Rafiki yangu alikata majani manane, yakabaki mawili ya katikati. Akakaa wiki sita bila kumwagilia hata tone, akiniambia kila mara kwamba anajiona mkatili. Februari likatokea jani jipya, dogo kama ukucha. Picha alimtumia mama yake kwanza, mimi nikaipata baadaye. Siku hizi wanazungumza kila Jumapili, na sehemu kubwa ya mazungumzo, nasikia, ni shubiri. Masomo bado magumu. Anasema kufungua daftari asubuhi si kazi kama ilivyokuwa mwezi wa kumi na mbili.

Wiki hii masika yananukia. Leo jioni nahamisha vyungu vyangu chini ya upenu kabla Lumemo haujaanza vituko vyake. Kama uko bondeni na una shubiri chini kwenye mfinyanzi, usingoje. Tafuta matofali mabovu, inua kichuguu, hamisha leo hii.

Alamsiki.